Mwanza ni Mbali Kiasi Gani?

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu. Kwa miaka mingi nilikaa katika ofisi ya uwanja wa ndege hapa Dar es Salaam, na swali nililoulizwa kuliko yote ni hili: "Kwenda Mwanza ni muda gani?"

Vijana, tupige hesabu. Ukipima kwa rula juu ya ramani, kutoka hapa hadi Mwanza ni kilomita 850 hivi. Reli ni zaidi ya kilomita 1,200, kwa sababu huelekea magharibi hadi Tabora, ndipo hugeuka kaskazini. Ndege iendayo kilomita 800 kwa saa ingefika kwa dakika 64. Lakini ndege haianzi na mwendo huo: hupanda, hushuka, husubiri zamu ya kutua. Ndiyo maana ratiba huweka karibu saa moja na nusu.

Tena kuna upepo. Ukivuma kilomita 80 kwa saa kutoka nyuma, safari ni dakika 58. Ukivuma kutoka mbele, ni dakika 71. Msidhani kwamba upepo humrudishia mtu akirudi kile alichopoteza akienda. Jumlisheni: dakika 129. Bila upepo zisingefika 128.

Hesabu hiyo niliijua vizuri. Iliyonishinda ni nyingine.

Nilipokuwa mwanafunzi hapa, likizo ikifika tulipewa waranti, tukapanda garimoshi daraja la tatu. Morogoro, Dodoma, Tabora, Shinyanga. Usiku wa kwanza njiani, na wa pili njiani. Pale Tabora mabehewa ya Kigoma yalikatwa, tukaagana na wenzetu. Nilifika nyumbani nimejaa vumbi, na baba yangu yupo stesheni ananingoja. Sikukosa likizo hata moja.

Nikapata kazi, na ndege ikawa mlangoni pangu. Kwa kuwa Mwanza palikuwa karibu, nilisema nitakwenda mwezi ujao. Mwezi ujao ukawa miaka mitatu. Siku moja ndugu yangu akapiga simu kwamba mzee hajiwezi. Nikamjibu, "Mwambie kesho saa tano na nusu nimefika." Ndege iliondoka saa nne kamili na kutua saa tano na nusu, kama ilivyoandikwa. Mzee alikuwa amefariki alfajiri. Ndugu yangu aliniambia kwamba usiku kucha aliuliza kama garimoshi limekwisha pita Shinyanga.

Ndege ile haikuchelewa hata dakika moja. Niliyechelewa ni mimi, na nilichelewa miaka mitatu.

Kwa hiyo, vijana, jifunzeni hesabu za mwendo, umbali na muda, zitawapatia kazi. Na ninyi wenzangu ambao wazazi wenu wangali hai, msikate tikiti kwa sababu ya simu ya ugonjwa. Kateni likizo hii, wakati mzee bado anaweza kuja mwenyewe kuwapokea.