Utaratibu Haumtuhumu Mtu: Ulinzi na Mwenendo wa Watoto Katika Klabu ya Kriketi

Yafuatayo ni maelezo ya Afisa Ustawi wa Jamii wa Kata katika mkutano wa wazazi, walezi, makocha na wanachama vijana wa klabu ya kriketi, kabla wanachama hawajapiga kura kuhusu mwongozo wa ulinzi wa mtoto.



Miezi michache iliyopita mazoezi yalikatizwa na mvua. Mtoto mmoja wa miaka 11 alibaki peke yake kando ya uwanja, kwa kuwa aliyezoea kumchukua hakujua kwamba mazoezi yamekwisha mapema. Mmoja wa makocha wetu, mtu ambaye wengi wetu tungemkabidhi funguo za nyumba, alimpakia kwenye pikipiki yake ili amfikishe kwao. Njiani maji yalikuwa yamejaa, wakajihifadhi nyumbani kwa kocha hadi mvua ilipopungua. Simu ya kocha ilikuwa imezima. Kwa muda wa saa 2 mama wa mtoto alizunguka mtaa kwa mtaa, akaenda uwanjani akakuta giza, akaishia kituo cha polisi. Mtoto alirudi salama, amekwisha kula, na amevaa nguo kavu.

Hakuna baya lililotendeka, na ndiyo sababu nimelichagua tukio hili, kwa ridhaa ya kocha na ya mama. Kwa saa 2 hizo hakuna mtu katika klabu nzima aliyeweza kujibu maswali matatu: mtoto yuko na nani, nani ameruhusu aondoke naye, na apigiwe simu nani. Usalama wa mtoto ulitegemea kitu kimoja tu, nacho ni wema wa mtu mmoja. Safari hii wema ulikuwapo. Mwongozo ulio mbele yenu umeandikwa ili siku ambayo wema huo hautakuwapo, mtoto asiachwe bila ngao.

Najua kwamba baadhi ya makocha wameuona mwongozo huu kuwa ni tusi. Mmoja aliniuliza waziwazi kwa nini anaitwa mwizi kabla hajaiba, ilhali anaacha shughuli zake kila Jumamosi kuwafundisha watoto wa wenzake bila malipo. Malalamiko hayo ni ya haki kusikilizwa, nami nitayajibu kwa heshima.

Ndugu zangu, mtunza fedha wa kikoba hutoa hesabu kila mwezi mbele ya wenzake, na hakuna anayesema kwamba ameitwa mwizi. Hesabu inawalinda wenye fedha, na inamlinda yeye pia, kwa sababu siku likizuka neno, daftari ndilo litakalomtetea. Vivyo hivyo kocha asiyekaa na mtoto faraghani ana mashahidi siku zote. Lakini ipo sababu nzito zaidi. Mtu mwenye nia mbaya haji na alama usoni. Huja akiwa mkarimu, mwenye muda mwingi kuliko wengine, mwenye zawadi na lifti za bure. Tukisema kwamba fulani hahitaji kufuata utaratibu kwa kuwa tunamfahamu, kesho hatutakuwa na kauli ya kumzuia mwingine anayesema kwamba naye anafahamika. Kila msamaha tunaompa mtu mwema ni mlango tunaouacha wazi kwa mtu mwingine. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Hofu hii ina msingi. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika nchini mwaka 2009 na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili. Watoto hao walikuwa katika nyumba, shule na njia kama hizi zetu.

Sheria nayo haikutuachia hiari. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, na inaagiza kwamba maslahi yake yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Kifungu cha 94 kinaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa watoto katika eneo lake. Kifungu cha 95 kinampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuitoa taarifa hiyo kwa mamlaka. Kwa hiyo kijana wenu wa miaka 17, hata akiwa mrefu kuliko kocha na anachezea timu ya wakubwa, kwa sheria bado ni mtoto.

Sasa niyaeleze yaliyomo katika mwongozo.

Kwanza, kila anayetaka kufundisha au kusimamia watoto ataleta barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wake, majina ya wadhamini wawili wasio ndugu zake, na cheti cha polisi cha tabia njema. Utaratibu huu ni kwa wote, wakiwamo waanzilishi wa klabu.

Pili, hakuna mtu mzima atakayekuwa na mtoto mmoja faraghani. Mazoezi yatasimamiwa na watu wazima wasiopungua wawili, na pale wanapokuwapo wasichana, mmoja wao atakuwa mwanamke. Watu wazima hawatabadili nguo katika chumba kimoja na watoto, na simu hazitatumika humo kabisa.

Tatu, kila mtoto atakuwa na fomu yenye majina ya watu walioruhusiwa kumchukua, namba zao za simu, na maradhi aliyo nayo, kama vile pumu au kifafa. Msimamizi wa mwisho hataondoka uwanjani kabla mtoto wa mwisho hajachukuliwa. Safari ya nje ya kata itahitaji ridhaa ya mzazi kwa maandishi.

Nne, kocha hatamwandikia mtoto ujumbe wa faragha. Taarifa zitapita katika kundi la simu ambalo wazazi wamo. Picha za watoto hazitasambazwa bila ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe.

Tano, adhabu ya viboko, matusi, kunyimwa maji au kukimbizwa juani imepigwa marufuku. Kijana aliyekosa anaweza kupumzishwa mchezo, na mzazi wake ataelezwa sababu.

Sita, mchezo wenyewe utachezwa kwa kuzingatia umri. Mpira wa kriketi ni mgumu, na ule wa wanaume wakubwa una uzito wa karibu gramu 160. Mwaka 2014 mchezaji wa Australia, Phillip Hughes, alipigwa na mpira shingoni mjini Sydney na kufariki dunia baada ya siku mbili, naye alikuwa mtu mzima mwenye uzoefu mkubwa. Kwa hiyo hakuna mtoto atakayekabili mpira mgumu bila kofia ngumu yenye kinga ya uso, na mlinda wiketi anayesimama karibu na wiketi atavaa vivyo hivyo. Vifaa vikipungua, mazoezi yatafanywa kwa mpira laini.

Juu ya jambo hili la sita nina kisa kingine. Klabu ilikuwa na mvulana wa miaka 13, mrushaji mwenye kasi kuliko wenzake wote. Kwa kuwa alikuwa hodari, kila mechi alipewa mpira mapema na kuachiwa hadi mwisho. Mgongo ulipoanza kumuuma alisema, akaambiwa asijidekeze. Wenzake wakampachika jina la mzee. Siku moja hakuja tena, na alipoulizwa alisema ana masomo. Ukweli aliueleza miezi mitatu baadaye, hospitalini, alipogunduliwa ufa katika mfupa wa uti wa mgongo.

Mifupa ya mtoto anayekua haijakomaa, na kurusha kwa kasi mara nyingi mno huielemea sehemu ya chini ya mgongo. Ndiyo maana mwongozo unaweka kikomo: mrushaji wa kasi asiyezidi miaka 13 atarusha ova 5 mfululizo na si zaidi ya ova 10 kwa siku, yaani mipira halali 60. Kiwango hicho ndicho ambacho Bodi ya Kriketi ya England na Wales imekuwa ikikitumia kwa watoto wa umri huo. Mwandika alama ataziandika ova za kila mtoto, na akisema kikomo kimefika, kocha hatabishana naye.

Tazameni basi. Kijana huyu hakuumizwa na mtu mwovu. Aliumizwa na watu waliompenda, waliotaka ushindi, na ambao hawakuwa na utaratibu wa kumsikiliza. Mtoto anayepuuzwa anaposema mgongo unauma hujifunza kwamba hapo hapana faida ya kusema. Siku atakapopatwa na jambo la aibu zaidi, atanyamaza.

Hivyo naingia katika jambo la kutoa taarifa. Klabu itamchagua mlezi wa watoto ambaye si kocha, na namba yake itabandikwa ukutani. Mtoto au mzazi anaweza kumwendea yeye, au kufika ofisi ya ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kupiga namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo haina malipo. Anayemlalamikia mlezi wa klabu hana haja ya kupitia kwake.

Mtoto akikueleza jambo, msikilize hadi mwisho bila kumfokea. Mwambie kwamba amefanya vyema kusema. Usimwahidi kuwa itabaki siri, kwa maana hutaweza kuitunza ahadi hiyo. Usimhoji kama hakimu, wala usimwite mtuhumiwa mkabiliane. Andika maneno yake kama alivyoyasema, kisha toa taarifa siku hiyohiyo. Ikiwa ni ukatili wa kingono, mtoto asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe. Afikishwe hospitali mara moja, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi hufaa tu zikianza kutumiwa ndani ya saa 72.

Na lipo moja nitakalolisema wazi, hata kama litamuudhi mtu. Mambo haya hayamalizwi nyumbani kwa fidia na kupeana mikono. Wazee wangu, suluhu ni jambo jema katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Katika ukatili dhidi ya mtoto, suluhu ya wakubwa humwachia mtoto mzigo peke yake, na humwachia mkosaji nafasi ya kuhamia klabu nyingine.

Wazazi nao wanao mwenendo wao. Tumewasikia wakipaza sauti kutoka pembeni kumtukana mwamuzi, na wengine kumkaripia mtoto aliyeangusha mpira mbele ya wenzake. Sheria za Kriketi zina utangulizi, tangu mwaka 2000, unaosisitiza roho ya mchezo: kumheshimu mwamuzi, mpinzani na mwenzako. Roho hiyo haiwezi kukaa kwa mtoto ikiwa mzazi ameiacha nyumbani. Mzazi atakayetukana ataombwa kuondoka uwanjani, hata kama ni mfadhili.

Nanyi vijana, mwongozo una ukurasa wenu, na sehemu ya maneno yake mliyatoa ninyi wenyewe. Mmesema hamtacheka umbo, kabila, dini wala hali ya nyumbani kwa mwenzenu, na hamtamlazimisha mgeni kupitia mateso ili akubalike. Nawaomba muongeze moja: mwenzako akiacha kuja ghafla, uliza. Mwaka 2025 timu yetu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 19 ilifuzu kwa mara ya kwanza kwenda Kombe la Dunia la umri huo. Huenda kati yenu yumo atakayefika huko. Atafika akiwa na mgongo mzima na moyo mzima, iwapo tutamlinda leo.

Namalizia kwa kurudi kwenye mvua ile. Kocha aliyempakia mtoto yupo kati yetu. Nilipomwonyesha rasimu ya mwongozo nilitarajia akasirike. Aliisoma, akanieleza kwamba siku ile alidhani amemaliza wajibu wake kwa kumfikisha mtoto salama, hadi alipomkuta mama akilia mlangoni. Kisha akaomba kifungu kimoja kiongezwe: simu ya klabu, iliyochajiwa, iwe uwanjani kila siku ya mazoezi. Kifungu hicho kimo, na ndicho cha mwisho.

Mkiukubali mwongozo huu, nakala itabandikwa katika ofisi ya kata na nyingine katika chumba cha klabu, na kila mwaka tutaupitia upya tukiwa na vijana wenyewe. Mkiona kifungu kisichofaa, kikosoeni sasa hivi, hapa mkutanoni. Ninachowasihi ni kwamba tusiondoke leo tukiwa bado tunategemea bahati.