Mgeni Mpatanishi: Habari za Sierra Leone



Vita vikiisha, watu hudhani kwamba amani imekwisha kufika. Lakini kunyamazisha bunduki ni kazi moja, na kuwakalisha baraza moja wale waliopigana ni kazi nyingine. Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kazi hiyo ya pili, na juu ya wageni ambao Umoja wa Mataifa huwatuma kuisaidia. Kundi lao huitwa ujumbe wa siasa. Hawaji na majeshi. Huja na maneno, na mashauri, na subira. Tutatwaa mfano wa nchi moja ya Afrika ya Magharibi, nayo ni Sierra Leone.

Watu wa nchi hiyo walipigana wenyewe kwa wenyewe tangu mwaka 1991 hata mwanzo wa mwaka 2002. Almasi ziliwapatia wapiganaji fedha za kununulia silaha. Vijiji vilichomwa moto, watu wengi walikatwa mikono, na watoto walitiwa jeshini. Kwanza Umoja wa Mataifa ulipeleka askari, na walipokuwa wengi kabisa walifika 17,500. Wapiganaji zaidi ya 75,000 wakaweka silaha chini. Mwisho wa mwaka 2005 askari hao wakaondoka. Hapo ndipo lilipozuka swali: je, amani iliyolindwa kwa bunduki yaweza kusimama peke yake?

Kwa sababu hiyo Baraza la Usalama halikuiacha nchi ile mara moja. Mwaka 2006 liliweka ofisi ndogo, na mwezi wa Oktoba 2008 ikafuatwa na nyingine iliyo ndogo zaidi, ambayo kwa kifupi iliitwa UNIPSIL. Watumishi wake walikuwa wachache. Hawakutawala, hawakutoza kodi, wala hawakuwa na amri juu ya raia ye yote. Kazi yao ilikuwa kusema na serikali na wapinzani wake, kuwashauri polisi, kuangalia haki za watu, na kusaidia matengenezo ya uchaguzi.

Jaribu kubwa lilikuja mwezi wa Machi 2009. Chama cha APC kilikuwa kimeshika serikali baada ya kukishinda chama cha SLPP katika uchaguzi wa mwaka 2007. Wafuasi wa vyama hivyo viwili wakapigana katika miji kadha, na huko Freetown, mji mkuu, makao ya SLPP yakashambuliwa. Kila chama kilikuwa na redio yake, na maneno yaliyotoka humo yalikuwa kama kuni juu ya moto. Watu waliokumbuka vita waliingiwa na hofu. Ndipo ujumbe ulipokaa na wakuu wa pande zote mbili, na tarehe 2 Aprili vyama hivyo vikatoa tamko la pamoja, vikiahidi kuacha fujo na kukubali kwamba mambo yaliyotokea yachunguzwe. Wageni waliandaa kikao. Ahadi waliitoa wenyeji.

Tena, Umoja wa Mataifa ulikuwa na redio yake nchini humo. Mwaka 2010 redio hiyo iliunganishwa na ile ya serikali, likazaliwa shirika moja la utangazaji, lililokusudiwa kuwa la watu wote na si la chama. Uchaguzi wa mwaka 2012 ulipokwisha kufanyika, kazi ilionekana imefika mwisho. Mwezi wa Machi 2014 Katibu Mkuu Ban Ki-moon alifika Freetown, na ujumbe ukafungwa.

Hatusemi kwamba kila kidonda kilipona. Ni kweli kwamba mwaka 2018 serikali ilitoka mikononi mwa APC ikaenda kwa SLPP kwa njia ya kura. Lakini baada ya uchaguzi wa mwaka 2023 wapinzani walikataa kuingia bungeni, hata wapatanishi kutoka nje wakasaidia kupata mapatano mwezi wa Oktoba mwaka huo.

Na tuwatazame jirani zetu wa Burundi. Wao pia walikuwa na ujumbe wa namna hii, nao ulifungwa mwisho wa mwaka 2014, kama serikali yao ilivyotaka. Miezi michache baadaye Rais Pierre Nkurunziza alitaka kutawala kwa muhula wa tatu. Ugomvi ukazuka, damu ikamwagika, na kabla ya mwaka 2015 kwisha watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamekimbilia nchi za jirani, na wengi wao walikuja Tanzania.

Basi tujifunze nini? Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Ni kweli, mgeni aweza kuleta dawa, maana yeye hana shamba wala kiti anachokigombea, na pande zote mbili huweza kumsikiliza. Lakini hawezi kuinywa dawa hiyo kwa niaba ya mgonjwa. Iko siku atafunga mizigo yake aende zake, na siku hiyo wenyeji watabaki na yale tu waliyokubaliana kwa hiari yao.