Daftari na Mashairi ya Wazee Wetu

(Mazungumzo mbele ya wahitimu wa madarasa ya kisomo, Pemba)



Leo sikuja na somo la kilimo wala la afya. Nimekuja tuzungumze juu ya mashairi. Najua wapo watakaosema: "Mwalimu, sisi tumejifunza kusoma ili tuijue mizani ya karafuu, tusipunjwe. Mashairi ya nini?" Vizuri. Lakini mashairi nayo yana mizani yake, na huko nako tunapunjwa.

Hapa Pemba palikuwa na watunzi wawili wakubwa. Mmoja ni Ali bin Said bin Rashid, ambaye watu walimwita Kamange. Alifariki mwaka 1910. Wa pili ni Sarahani bin Matwar, aliyefariki mwaka 1926. Watu hawa walikuwa wakijibizana kwa mashairi. Huyu anatunga, yule anajibu. Hawakuwa na redio. Redio yao ilikuwa vinywa vya watu.

Kitabu kizima juu yao, Kale ya Washairi wa Pemba, kilitoka Dar es Salaam mwaka 2011. Hebu hesabuni wenyewe. Toa 1926 katika 2011, inabaki miaka 85. Kwa Kamange ni miaka 101. Waliokusanya ni Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, na mhariri ni Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Tuwashukuru. Lakini katika miaka yote hiyo wazee wangapi walizikwa na mashairi yao kifuani? Hapana ajuaye.

Huyu Abdilatif anaijua thamani ya karatasi. Alifungwa Kenya kwa mambo ya siasa, tangu 1969 hadi 1972. Humo gerezani alitunga mashairi, akayaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni. Yakawa kitabu, Sauti ya Dhiki, mwaka 1973. Basi wewe mwenye daftari la dukani una udhuru gani?

Sasa kazi yenyewe. Ukienda kwa mzee, usianze na kalamu. Amkia, kaa, zungumza. Mwache aseme shairi lote mara moja bila kumkatiza. Mara ya pili ndipo uandike.

Andika anavyosema yeye. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mzee anasema neno la Kipemba, mwandishi analiona si la kitabuni, analibadilisha "kulisahihisha". Ati anamsaidia mzee! Neno lile ukilibadilisha umelipoteza, na mara nyingi kina nacho kinakatika. Neno usilolijua liandike hivyo hivyo, kisha uliza maana yake na uiandike pembeni.

Halafu pima. Shairi la kawaida lina mistari 4 katika kila ubeti, na kila mstari una mizani 16, yaani 8 upande huu na 8 upande huu. Chukueni mfano huu nilioutunga mwenyewe: "Karafuu zimeiva, watu wapo mashambani." Hesabuni kwa vidole: ka-ra-fu-u-zi-me-i-va, 8. Wa-tu-wa-po-ma-sha-mba-ni, 8. Sasa tuseme wewe umeandika "watu mashambani." Zimekuja 6. Mizani 2 zimepotea njiani, ama mzee kasahau, ama wewe hukusikia. Rudi ukaulize. Lakini usilijaze pengo kwa neno lako. Acha nafasi wazi, pengine mzee mwengine wa kijiji cha pili analo.

Mwisho wa shairi andika nani kakusomea, yeye kalisikia kwa nani, kijiji gani, siku gani, na shairi lilitungwa kwa sababu gani. Bila ya sababu, jibu halifahamiki. Mashairi ya kujibizana ni kama mazungumzo. Ukisikia upande mmoja tu utadhani mtu anasema peke yake.

Vijana wananiambia: "Mwalimu, tutarekodi kwa simu." Rekodini, ni jambo jema, sauti ya mzee nayo ina thamani. Lakini simu huibiwa, huanguka majini, huharibika. Rekodi, kisha kaa kitako uandike. Na mzee akikutolea karatasi ya zamani yenye mashairi kwa herufi za Kiarabu, usiione kuwa si yako. Lugha yake ni Kiswahili. Mwite aliyesoma chuoni, yeye asome, wewe uandike.

Kuna jambo moja gumu. Mashairi mengine yana vijembe, na waliopigwa vijembe wana watoto na wajukuu hapa hapa. Mzee anaweza kukwambia: "Hili andika, lakini usilisome barazani." Mimi naona liandikwe. Ukishaandika, lifunge ndani ya bahasha, juu yake andika maneno ya mzee kama alivyoyasema, na bahasha umwachie yeye mwenyewe au mtoto wake anayemwamini. Akikataa kabisa lisiandikwe, funga daftari, mpe mkono, na umuulize jengine.

Juma lijalo kila mmoja aje na ubeti mmoja, pamoja na jina la aliyemsomea. Tutahesabu mizani pamoja.