Saa ya Mkono na Bei Yake

(Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo linalozungumzwa sana mabwenini, yaani saa za mkono za bei kubwa wanazovaa waimbaji na wachezaji mpira. Najua wazee wenzangu walitazamia niseme juu ya pensheni. Hilo tuliache kwa leo.

Tuanze na kazi ya saa. Tangu Desemba 1969, kampuni ya Seiko ya Japani ilipotoa saa ya betri iitwayo Astron, saa ya kutia ufunguo imeshindwa kwa usahihi. Saa ya betri ya bei ndogo pale Kariakoo hushika wakati vizuri kuliko saa ya Uswisi ya mamilioni. Basi anayetoa mamilioni hanunui wakati. Ananunua nini?

Mcheza sinema wa Marekani, Paul Newman, alipewa na mkewe, Joanne Woodward, saa ya Rolex aina ya Daytona. Bwana alipenda mashindano ya magari, naye mama akaagiza yachorwe nyuma ya saa maneno ya kumsihi aendeshe kwa uangalifu. Siku zile saa zenye uso wa namna ile hazikuwa na soko. Zilikaa tu madukani. Mwaka 1984 Newman alimwuliza kijana James Cox, rafiki wa binti yake, ni saa ngapi. Kijana hakuwa na saa. Mzee akavua yake, akampa. Oktoba 26, 2017, saa hiyo iliuzwa mnadani New York kwa dola 17,752,500. Chuma ni kilekile. Kilichoongezeka ni habari ya mkono ulioivaa, na yale maneno ya mke, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sehemu pekee ya bei ile inayoeleweka.

Uadimu nao una mambo yake. Mwaka 2019, huko Geneva, saa ya Patek Philippe iliuzwa kwa faranga za Uswisi milioni 31 katika mnada wa hisani. Ilikuwa ya chuma cha pua! Za dhahabu za aina hiyo zipo. Ya chuma ilitengenezwa moja tu.

Sultani Qaboos wa Oman naye aliagiza saa zenye nembo ya jambia, akawatunukia waliomtumikia. Hizo zilikuwa zawadi. Lakini Machi 2024 nchini Peru, polisi walipekua nyumba ya Rais wa wakati huo, Dina Boluarte, wakitafuta saa za Rolex ambazo hakuziorodhesha katika mali zake. Yeye alieleza kwamba aliziazima kwa gavana rafiki yake.

Sisi watumishi wa serikali habari hiyo si ya mbali. Mzabuni mmoja aliwahi kuniletea ofisini kiboksi chenye saa, na zabuni yake iko mezani. Nilimrudishia kwa barua, nakala nikaiweka kwenye faili. Akacheka, akasema, “Ndugu, hii ni saa tu.” Nikamwuliza kwa nini basi hakuniletea ile ya Kariakoo. Hakujibu. Katika kikao cha kamati nilijitoa, na kazi ikapewa mwingine.

Vijana, nadhani mnayo maswali. Niulizeni kabla kengele ya chakula haijalia.