Mgonjwa wa Sonona Asipigwe kwa Aya
(Mawaidha kwa waumini wa Mbalibali, mkoani Mara)



Tumezoea kumsomea aliyekata tamaa maneno ya Nabii Yaakubu (a.s.) katika Sura Yusuf, aya ya 87, kwamba kukata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu ni sifa ya makafiri. Mara nyingi tunayasoma kama fimbo. Tunasahau kwamba aya ya 84 imekwisha kutueleza jinsi Nabii huyo huyo alivyohuzunika hata macho yake yakawa meupe. Na Bibi Maryamu, alipotamani angekuwa amekufa zamani (Sura Maryam, 23), hakukaripiwa. Aliambiwa asihuzunike, akapewa maji na tende.

Kujiua ni haramu. An-Nisaa, aya ya 29, imekataza, wala hatulegezi hukumu hiyo. Lakini kumtambua anayelikaribia shimo ni wajibu mwingine. Mwaka 1985 daktari Aaron Beck wa Marekani na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka wagonjwa 207 waliolazwa kwa sababu ya mawazo ya kujiua. Kilichowabainisha waliojiua baadaye hakikuwa ukubwa wa sonona yenyewe, bali kukosa tumaini la siku zijazo. Mwenzao Thomas Joiner, katika kitabu chake cha mwaka 2005, akataja mengine: mtu kujiona hana pake miongoni mwa watu, na kujiona mzigo kwa jamaa zake.

Hili la mzigo tuliangalie sana sisi watu wa Mara. Mwanamume hufunzwa tangu jando asionyeshe maumivu. Mifugo ikipotea, deni likimwelemea, haombi msaada, husema tu, "Mngepumzika kama nisingekuwapo." Akisema hivyo asichekwe wala asihubiriwe. Aulizwe wazi, kwa upole, kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Asiachwe peke yake, vitu vya hatari viondolewe nyumbani, naye apelekwe hospitali, iwe Tarime au Mugumu, siku hiyo hiyo. Aliyewahi kujaribu aangaliwe zaidi, wala aibu isitufanye tumfiche.

Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nafuu, na hapo ndipo jamaa wengi huzikatiza. Tumwombee katika kila swala, na vidonge aendelee kuvimeza mpaka daktari aseme basi.