Kompyuta ya Kufanyia Kazi

Wiki hii tuzungumzie pesa, na hasa pesa ya mtu ambaye hana ya kuchezea. Kijana mmoja wa Madimba, Mtwara Vijijini, huchora ramani za nyumba na mipaka ya viwanja. Mpaka sasa anafanya kazi hiyo kwa mashine ya kuazima mjini, na kila safari ni nauli. Korosho za mama yake zimempatia shilingi milioni moja na nusu, naye anataka kununua vifaa kimoja kimoja ili aunde kompyuta ya mezani itakayodumu. Ameniuliza: "Mjomba, nianze na prosesa gani?"

Nilimjibu aanze na umeme wa ukutani.

Asiyeijua Madimba atashangaa. Hapo ndipo kilipo kiwanda cha kusafisha gesi asilia ya Mnazi Bay, gesi iliyogunduliwa mwaka 1982. Kiwanda kilizinduliwa Oktoba 2015, na bomba linaipeleka gesi hiyo Dar es Salaam, mwendo wa mamia ya kilometa, ikazalishe umeme huko. Lakini gesi kupita jirani na uwanja wako ni jambo moja, na umeme tulivu kwenye soketi yako ni jambo jingine. Mwaka 2017 mikoa ya Mtwara na Lindi ilipata mgawo mkali mitambo ya kuzalisha umeme ilipoharibika. Na hata pasipo mgawo, mwisho wa laini ndefu ya kijijini volti hushuka jioni, na umeme uliokatika hurudi kwa kishindo. Mwenye friji anayajua haya, na wa Tandika anayajua kama wa Madimba.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza ni pawa saplai, lile boksi la chuma linalopokea umeme na kuugawa ndani ya kompyuta. Wauzaji wengi hulitupia bure ndani ya kasha, na bure hiyo ndiyo ghali. Lishike mkononi. Likiwa jepesi kama kopo tupu, maandishi ya wati 500 yaliyobandikwa juu yake usiyaamini. Soma kibandiko: kikiandikwa 100 hadi 240 volti, boksi litavumilia volti zikishuka. Yale ya zamani yenye kiswichi chekundu cha 115 na 230 hayana uvumilivu huo, na mtoto akikisogeza kiswichi hicho kwenye 115 hapa kwetu, mtasikia mlio na harufu. Alama ya 80 Plus, iliyoanza mwaka 2004, husema kwamba boksi halipotezi umeme mwingi kuwa joto. Ni alama nzuri, ila nayo hughushiwa, basi uzito na jina la mtengenezaji visiachwe.

Kisha UPS, na iwe ile yenye kurekebisha volti ndani yake. Msomaji wa kibandiko aangalie wati, maana UPS ya VA 650 kwa kawaida haifiki hata wati 400. Kompyuta ya kuchorea isiyo na kadi kubwa ya picha haitumii nyingi hivyo. UPS si ya kufanyia kazi usiku kucha; ni ya kumpa mtu dakika chache za kuhifadhi mchoro na kuzima kwa adabu. Betri yake hufa mapema kwenye joto, kwa hiyo pesa ya betri nyingine iwekwe kando tangu siku ya kwanza.

Sasa tuingie ndani ya kasha. Watanzania tuna historia hapa. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya hesabu za Hazina zilizohamishiwa kwenye kompyuta kuvurugika. Kilichouma zaidi si mwendo wa mashine, ni tarakimu zisizoaminika. Mchoraji wa mipaka naye anauza tarakimu, na kosa la mita moja laweza kuwapeleka ndugu wawili barazani.

Ndiyo maana nilimshauri aachane na wazo la kuunda kwa vifaa vipya. Kwa fedha ile, vipya vitakavyopatikana ni vile vya daraja la chini kabisa, na bei za kumbukumbu, yaani RAM, zilipanda vibaya mwishoni mwa 2025. Atafute mashine ya ofisi iliyotumika, zile HP Z, Dell Precision au Lenovo ThinkStation. Zilijengwa kufanya kazi kutwa, pawa saplai zake ni za kweli, na nyingi hupokea kumbukumbu za ECC, ambazo husahihisha zenyewe kosa dogo kabla halijaingia kwenye hesabu. GB 16 zinamtosha. Muuzaji atamsifia Windows 10 iliyomo. Amkumbushe kwamba matengenezo yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane na kuendelea ndicho kinachokubalika kwa Windows 11. Asiyemudu aweke Linux na programu ya ramani ya QGIS, vyote bila malipo.

Diski ndiyo sehemu pekee ambayo ningenunua mpya. SSD ya programu na kazi za leo, na diski ya nje ya nakala, inayochomolewa kila jioni na kulala nyumba nyingine. Zipo diski bandia zinazojitangaza kubwa kuliko zilivyo. Ijazwe faili mpaka mwisho, kisha faili zifunguliwe, kabla ya kuiamini.

Limebaki suala la chumvi. Upepo wa bahari na unyevu wa Desemba hadi Aprili hula miguu ya shaba. Kompyuta isikae sakafuni wala dirishani, na isiachwe miezi bila kuwashwa. Vumbi litolewe kwa brashi kavu ya rangi, umeme ukiwa umechomolewa. Kupuliza kwa mdomo ni kuongeza mate. Na kabla ya kulipa, aiwashe dukani kwa saa nzima, afungue mchoro wake mzito kuliko yote, asikilize feni, ndipo adai risiti yenye namba ya mashine na siku za dhamana.