Kopo Chini ya Mbuyu: Adabu za Kuficha na Kutafuta Vificho

Mada kwa maofisa watendaji wa vijiji, wenyeviti wa vitongoji na waongoza watalii



Mgeni anapoonekana akiuzunguka mbuyu mara tatu, macho kwenye simu, kisha akapiga magoti na kupenyeza mkono kati ya mizizi, mwenyeji anayemtazama ana haki ya kuuliza anatafuta nini. Mara nyingi jibu ni jepesi kuliko inavyodhaniwa: anatafuta kopo. Ndani ya kopo hilo mna daftari dogo na penseli, pengine na vikorokoro vya watoto. Ataandika jina lake na tarehe, atalirudisha kopo mahali pake, kisha atakwenda zake ameridhika. Mchezo huo huitwa jiokeshi, na kopo lililofichwa laweza kuitwa, kwa Kiswahili chepesi, kificho.

Mchezo wenyewe ni wa juzi tu. Mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi ya setilaiti zake yatumiwayo na raia, na vifaa vilivyokuwa vikikosea mahali kwa kadiri ya mita 100 vikaanza kukosea kwa mita chache. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alificha ndoo msituni karibu na Beavercreek katika jimbo la Oregon, akatangaza nambari za mahali hapo ili wengine wakaitafute. Ndani aliweka vitabu, fedha kidogo, manati na hata kopo la maharagwe. Leo vificho duniani vimepita milioni 3, na Tanzania navyo vimo.

Ugumu wa mchezo huu vijijini hautokani na simu wala setilaiti. Watokana na jambo la kale zaidi: kitu kilichofichwa ardhini tayari kina maana yake kwa mwenyeji. Kiswahili kina neno fingo, chungu au dawa iliyofukiwa ili kulinda mji, au kwa nia mbaya kumdhuru mtu. Mwenye shamba akikuta kopo limefungwa kwa utepe mweusi na kusukumizwa chini ya jiwe la mpakani, hatafikiri kuwa ni mchezo. Atamfikiria jirani yake. Ugomvi wa namna hiyo huweza kuishi miaka mingi baada ya mgeni aliyeficha kopo kurejea kwao na kusahau.

Tena iko imani ya mali za Wajerumani. Katika sehemu nyingi za nchi inasemwa kwamba Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma katika Vita Kuu ya Kwanza walifukia rupia na dhahabu, wakaacha alama kwenye miamba na miti. Wilayani Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, wapo waliochimba chini ya mapango wakitafuta hazina hiyo, wakaharibu tabaka za udongo ambazo wataalamu wa mambo ya kale huzisoma kama kurasa za kitabu. Mahali kama hapo, Mzungu mwenye kifaa cha kuonyesha mahali anayepekua chini ya mwamba huwa amethibitisha uvumi bila kutamka neno. Akiondoka jioni, usiku watakuja wenye majembe.

Kwa hiyo adabu ya kwanza hapa inapingana na mazoea ya wachezaji wenyewe. Kwao, asiyeujua mchezo hupewa jina la utani lililotoka katika hadithi za Harry Potter, na mchezaji hodari ni yule anayetafuta bila kuonwa na mtu huyo. Akipita mtu, mchezaji hujifanya anafunga kamba za viatu. Katika bustani ya London hila hiyo haina madhara. Kijijini, ambako kila mgeni ameonwa tangu aliposhuka kwenye bodaboda, kujificha ndiko kunakozaa mashaka. Mtafutaji apite kwanza ofisi ya kijiji, au walau abishe hodi nyumba iliyo karibu, aamkie wazee kwa shikamoo, aseme anachotafuta na aonyeshe picha ya kopo kama anayo. Siri ya kificho ni kwa mchezaji mwenzake. Mwenye ardhi hafichwi.

Anayetaka kuficha ana kazi kubwa zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji. Huko ndiko ruhusa huombwa, na kwa shamba la mtu huombwa kwa mwenye shamba na familia yake. Kauli ya kijana aliyeongoza njia haitoshi, hata akiwa mtoto wa mwenyekiti. Hifadhi za taifa zina mamlaka yake na masharti yake, na mgeni asiache kitu humo kwa kudhani kuwa pori halina mwenyewe. Makaburi, misitu ya matambiko na magofu yaachwe kabisa.

Kanuni za mchezo zenyewe zinakataza kuchimba shimo ili kuficha kopo, na mtafutaji naye hatakiwi kufukua. Hili litangazwe kwa sauti kubwa katika kila kijiji chenye kificho: hakuna kilichofukiwa. Kwenye miamba yenye michoro, mahali pa kopo pachukuliwe na aina nyingine ya kificho isiyo na chombo chochote, iliyoanza mwaka 2004. Mgeni hupelekwa kwenye mwamba, bonde au chemchemi, akatakiwa kujibu maswali kuhusu jinsi mahali hapo palivyoumbika. Haachi kitu, hagusi kitu, na mwongoza watalii aliyeisoma vyema jiografia ya kwao anakuwa na la kusema.

Nambari za mahali nazo zina mtego wake. Simu nzuri hukosea mita kadhaa, na chini ya miti mikubwa au kando ya mwamba hukosea zaidi. Mfichaji achukue vipimo mara nyingi, kwa siku tofauti, atafute wastani. Mtafutaji akifika karibu, atie simu mfukoni atumie macho. Wengi wanaokanyaga mboga za watu ni wale wanaofuata mshale wa simu hadi hatua ya mwisho. Wenye kutumia ramani za zamani za Tanzania za kipimo cha 1:50,000 wawe na hadhari ya pekee. Ramani hizo zilitengenezwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, na simu hutumia mfumo wa WGS84. Nambari iliyosomwa kwenye ramani ikiingizwa katika simu bila kubadilishwa humpeleka mtu takribani mita 300 kutoka mahali palipokusudiwa. Mita 300 ni shamba la mtu mwingine kabisa, ambaye hakuombwa ruhusa.

Kuhusu chombo chenyewe, wachezaji wa Uingereza walipata funzo ghali mwaka 2011. Katika mji wa Wetherby, sanduku dogo la plastiki lililofichwa nje ya mkahawa lilidhaniwa kuwa bomu. Mtaa ulifungwa, wataalamu wa jeshi wakaitwa, wakalilipua. Tangu hapo ilisisitizwa zaidi kwamba chombo kionyeshe kilichomo na kiandikwe kwa nje. Hapa maandishi hayo yawe ya Kiswahili, kwa mfano: “Hiki ni kificho cha mchezo. Ndani mna daftari na penseli tu. Hamna fedha wala dawa. Ofisi ya kijiji ina habari. Tafadhali kirudishe mahali pake.” Kopo liwe la plastiki angavu, lenye mfuniko unaokaza, daftari liingizwe tena katika mfuko wa plastiki, kwa kuwa masika hayana huruma kwa karatasi. Shule, zahanati, madaraja, vituo vya polisi na vyanzo vya maji si mahali pa kuficha. Chakula kisiwekwe, kwa sababu nyani na siafu hawasomi maandishi. Dawa, viberiti na visu visiwekwe kwa ajili ya watoto. Anayetoa kikorokoro aweke kingine chenye thamani hiyo hiyo au zaidi.

Mchunga mbuzi akikiokota kificho, hakuiba. Kama kimeandikwa na yaliyomo yanaonekana, anaweza kukifungua, akaandika jina lake akipenda, akakirudisha. Kama hakina maandishi, au ni cha chuma, au kina nyaya, asikiguse; ampe habari mtendaji wa kijiji. Naye mtafutaji asiyekuta kitu aandike kwamba hakukuta, aishie hapo. Si halali kuanza kuwahoji watoto wa jirani. Mara nyingi kopo lipo palepale na ni macho yake yaliyopofuka.

Limebaki suala la matunzo, nalo ndilo wageni wengi hulikwepa. Mtu huja kwa likizo ya siku kumi, huficha makopo matatu, hupanda ndege. Kanuni za mchezo zinataka mfichaji awe na uwezo wa kufika kukagua, au awe na mtu aliye karibu aliyekubali kazi hiyo. Kukubali maana yake ni kuelezwa: mara ngapi kwa mwaka, nani atanunua daftari jipya, na mgeni akivunjika mguu akienda huko apigiwe nani simu. Mwongoza watalii aliyeitikia tu kwa adabu, bila kuelezwa haya, hakukubali lolote. Ofisi ya kijiji iandike katika daftari lake mahali pa kificho, jina la mfichaji, jina la mtunzaji na tarehe ya ruhusa. Ukurasa mmoja watosha. Kificho kisichokaguliwa mwaka mzima ni takataka, na kijiji kina haki ya kukiondoa.

Siku kificho kinapofungwa, mtunzaji achukue kopo, mfichaji alifute tangazo lake ili wengine wasiendelee kupekua mahali pasipo kitu, na mtendaji apige mstari kwenye ukurasa ule wa daftari.